Mama Anamaliza Saa Ngapi

Jumatano ile ilianza kama Jumatano nyingine yoyote: kengele, vumbi la chaki, na mkuu wa shule akipita huku na huku na karatasi mkononi ili aonekane ana haraka. Maktaba ilikuwa na wiki mbili tangu ipate mali mpya. Kompyuta sita. Kamusi elezo zenye majalada ya rangi ya dhahabu, zimefungiwa kwenye kabati la kioo zisije zikasomwa. Na mfumo wa utafiti: mwanafunzi akiingiza namba yake, anatafuta chochote atakacho, awe shuleni au nyumbani kwa simu. Ijumaa wageni wangekuja kukata utepe. Hotuba ya mkuu ilikuwa tayari, na neno "mapinduzi" lilikuwamo mara nne.

Aliyepanga yote hayo, boksi kwa boksi, ni mkutubi ambaye shule nzima ilimwita Mama Maktaba. Ni dada wa fundi wangu wa cherehani, na fundi ndiye aliyenisimulia, pini zikiwa zimemjaa mdomoni.

Asubuhi hiyo mkuu aliingia anachekelea, nyuma yake mwalimu wa kompyuta, aliyehamia muhula huo.

"Mama Maktaba, huyu namba 417 ni nani? Kila siku yumo anatafuta! Walimu wenyewe hata kibodi hawajaigusa. Ijumaa nampa zawadi mbele ya wageni."

"Nitakuangalizia, mkuu."

Mkuu alipotoka, mwalimu alibaki. Akashusha sauti.

"Mama, nimepitia rejista zote. 417 hayumo darasa lolote."

Mama Maktaba alijua. Orodha ya namba za kuingiza kwenye mfumo aliichapa yeye mwenyewe, na alipofika 417 kidole kilikataa kuiruka. Ilikuwa namba ya bintiye. Watu walimwita Kwanini, maana ni kama alizaliwa na neno hilo mdomoni. Hata daktari wa meno aliulizwa kwa nini meno ya kwanza hayana adabu ya kukaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa marehemu kwa miezi kumi na mmoja.

Siku aliyofariki pia yalikuja maboksi ya vitabu. Kengele ya mwisho ilishalia, Kwanini akaingia, sweta kalifunga kiunoni.

"Mama, kichwa kinaniuma."

"Kaa pale dirishani, nimalizie boksi hili. Usitoke mpaka nikwambie nimemaliza."

Mtoto akatii. Akalaza shavu mezani. Boksi moja likazaa la pili, la pili likazaa la tatu. Alipokwenda kumwamsha, meza ilikuwa imelowa jasho, duara la ukubwa wa kisosi, nalo lilikuwa la moto. Kwanini hakuamka. Hospitali walisema homa ya uti wa mgongo. Wakasema pia, kwa ule upole unaoua, kwamba lau angefikishwa saa moja mapema.

Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto kwamba kazi imekwisha.

Tangu hapo Mama Maktaba hufunga mlango saa tisa kamili, haongezi hata dakika. Na kwenye meza ile ya dirishani, kwa kuwa ndiyo pekee iliyobaki karibu na umeme, waliweka kompyuta ya sita.

Mwalimu alikunjua karatasi. Namba, mahali, saa, swali. Mahali palikuwa palepale siku zote, kompyuta ya sita. Saa ilikuwa ileile siku zote, tisa na nusu alasiri.

Kwa nini nyota hazidondoki.

Kwa nini kichwa kinauma upande mmoja.

Boksi moja la vitabu linachukua muda gani.

Mama anamaliza saa ngapi.

Hilo la mwisho lilijirudia mara nane.

"Nimfute?" mwalimu alinong'ona. "Ni kubonyeza mara moja tu."

"Ukimfuta nitakuvunja mikono," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba maji ya kunywa.

Jioni alikwenda kwa mdogo wake. Fundi alisimamisha cherehani, akasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, kaa umsubiri. Mwambie umemaliza, umuage, aende akapumzike. Lakini sikiliza. Usimwite nyumbani."

"Kwani mimi mjinga?"

"Wewe ni mama. Ni karibu na hapo hapo."

Wakacheka, halafu wote wawili wakalia.

Alhamisi kengele ililia. Wanafunzi waliondoka. Mama Maktaba hakufunga. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, jua la alasiri likiwa limetanda sakafuni.

Tisa na robo. Kimya.

Tisa na nusu. Skrini ya sita iliwaka.

Kiti cha dirishani kilisogea kidogo. Kibodi ikabonyea. Polepole, kidole kimoja kimoja, vile Kwanini alivyokuwa akichapa.

*Mama anamaliza saa ngapi.*

Alisimama. Kadiri alivyokaribia, joto lilimjia usoni, joto la paji la uso la mtoto mgonjwa. Mezani pakavu paliota unyevu. Tone. Kisha duara. Ukubwa wa kisosi.

"Nimemaliza, mwanangu," alisema. "Nisamehe. Maboksi yalikuwa matatu."

Kibodi ilitulia. Kisha herufi zikaja.

*Kwa nini*

Basi. Hakukuwa na zaidi. Alitakiwa kuaga hapo. Alifungua mdomo aage. Lakini duara la mezani lilikuwa bado linakua, na mtoto alikuwa amekaa pale miezi kumi na mmoja, na ni yeye aliyemkalisha.

"Twende nyumbani," alisema.

Kiti kilirudi nyuma chenyewe.

Alitembea njia nzima mkono wa kushoto ukiwa umefumbwa nusu, kama aliyemshika mtoto. Kiganja kilikuwa cha moto.

Ijumaa ikaja. Utepe, maua ya plastiki, wageni wanne wenye miwani ya jua ndani ya nyumba. Kompyuta ya sita haikuwa na lolote, na meza ilikuwa kavu. Mwalimu alifungua orodha kwenye skrini kubwa ili wageni waone maktaba ilivyo hai, na hapo hapo mstari mpya ukachomoza.

417. Mahali: nje ya shule. Saa nne na dakika kumi asubuhi.

*Mama anarudi saa ngapi.*

Wageni walipiga makofi. Mama Maktaba alichukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?" mkuu alimnong'oneza huku ameuma meno. "Hujamaliza!"

"Nimemaliza," alisema, akatoka.

Fundi alimkuta nyumbani kwake alasiri, mlango wazi, amekaa ukingoni mwa kitanda cha mtoto, mikono imekumbatia hewa, anayumba taratibu.

"Sshh," alisema dada mtu. "Ndiyo kwanza amelala."

Blauzi yake ilikuwa imelowa begani. Duara.

Hakurudi tena kazini. Hatoki nyumbani, hata dukani anaagiza. Mwalimu anasema 417 hajauliza kitu tangu siku hiyo.

Blauzi nimeiona. Imetundikwa nyuma ya mlango kwa fundi, aliyeichukua aifue. Imefuliwa, imeanikwa juani siku tatu, imepigwa pasi. Begani haikauki. Nilitaka kucheka, nikaweka kiganja.

Ni ya moto.