Ramani ya Alhamisi

Alhamisi, saa kumi jioni.

Chumba cha nyuma ya saluni kilinuka spiriti na nywele. Kinyozi, mwenye saluni na mkubwa wa genge, alisukuma komeo.

"Jumapili tunashuka kwa sonara. Duka litakuwa limefungwa, walinzi wako juu. Stoo ya dhahabu iko chini ya ardhi. Ramani?"

"Iko mtandaoni," alisema Fundi. Mchana mwanamke huyu alitengeneza simu. Kwa Kinyozi alifungua kufuli.

"Kule chini mtandao haufiki. Tutaifunguaje, kwa maombi?"

Bonge, dereva wao, alicheka. Fundi hakucheka. Alichukua simu zao moja moja, akagusa faili, akachagua lipatikane bila mtandao.

"Limeshuka kwenye simu. Hata uwe kaburini litafunguka."

Ramani ilionyesha kila mlango. Kutoka ni kwa ngazi za jenereta, Bonge akisubiri nje na gari.

"Na sheria ni ile ile," alisema Kinyozi, akizima mtandao kwenye simu yake. "Polisi wananusa simu. Hakuna kuwasha mpaka kazi iishe."

Fundi aliitikia. Alimchukia mtu huyu mpaka mate yakawa machungu. Mwaka jana, kwenye wizi mwingine, Kinyozi alimwambia mdogo wake Fundi kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Haukuwa wazi. Kijana alipigwa risasi akiugonga, na walinzi walipomkimbilia huko nyuma, Kinyozi akatoka kwa mbele kama bwana harusi. Watu wakasema bahati mbaya. Kisha Bonge akalewa, akaropoka: "Dada, jamaa alijua."

Ijumaa mchana.

Fundi alipita kwa sonara akijifanya mteja. Ngazi za jenereta zilikuwa zimezibwa kwa matofali, simenti bado mbichi. Akakaa kwenye ukuta wa maegesho, akarekebisha ramani mtandaoni: kutoka ni kwa maegesho. Akampigia Bonge.

"Washa mtandao, ufungue faili."

Bonge alilifungua. "Njia imebadilika. Mkubwa anajua?"

"Imo kwenye faili. Akiwasha ataiona."

"Huyo hawashi, dada."

"Najua."

Bonge alishusha pumzi. "Basi gari nitaliweka maegesho."

Jumapili, saa saba mchana.

Fundi alifungua stoo. Kinyozi alijaza mfuko kwa pupa, mpaka akavuta trei moja iliyofungwa waya. Kengele ikalia jengo zima. Akatupia jicho ramani kwenye simu, akakimbilia ngazi za jenereta. Hakugeuka nyuma. Huwa hageuki.

Fundi alitokea upande wa pili, kwenye njia ya maegesho, akafunga geti la nondo nyuma yake, akatia kufuli. Angeweza kwenda zake. Alibaki, maana alitaka kumwona.

Kinyozi alirudi anahema, viganja vimejaa simenti.

"Wameziba. Ramani inaonyesha mlango."

"Hiyo ni ya Alhamisi. Nilirekebisha Ijumaa. Ungewasha mtandao kidogo tu, ingekufikia."

Akaitazama simu, akamtazama Fundi. Akaelewa.

"Fungua, dada. Chukua mfuko wote."

"Mdogo wangu aligonga muda gani?"

"Sikumbuki."

"Ulikuwa unamsikia. Nakuuliza."

Kinyozi alishika nondo. Sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Alikuwa anakuita wewe. Alikuachia neno. Fungua nitakwambia."

Fundi akasogelea nondo. Mwaka mzima alikuwa akijiuliza kijana alisema nini mwishoni, na aliyesikia ni huyu peke yake. Ufunguo ulikuwa mkononi. Aliusogeza hadi kwenye kufuli.

Huko juu viatu vya walinzi vilianza kushuka.

"Fanya haraka," alisema Kinyozi, na macho yake yalikuwa kwenye mlango wa maegesho, si kwake.

Fundi akautia ufunguo mfukoni. Alipanda kuelekea kwenye gari analia kwa sauti, na neno la mdogo wake akaliacha kule chini.