Jenga Kabla Hujashuka

Nusaiba alikuwa anasukuma chapati jikoni kwao, mtaa wa Troyeville, Johannesburg. Mumewe Adamu aliingia anacheka, hata viatu hajavua.

"Mama Sumaiya, nimepata kazi! Ulinzi basi tena. Naenda Karoo kuchimba."

"Kuchimba nini huko kukavu?"

"Gesi. Iko chini sana, imebanwa ndani ya mwamba. Kampuni mbili zinatafuta watu wa visima vya majaribio. Moja inachimba upesi, ikimaliza hiki inarukia kile. Nyingine, eish, inajikokota! Inachimba kidogo, inasimama. Mimi nakwenda kwa wale wa upesi. Kesho natia sahihi."

Nusaiba aliacha chapati. Alimjua mumewe. Kwao Tanga walikuwa wachimba visima, baba na wana, na sifa yao ilikuwa upesi. Marehemu mzee wao alikuwa gumzo la mji kwa upesi wake. Na kisimani ndimo alimofia. Udongo uliporomoka ukamfukia. Ukoo mzima ukasema ajali haina kinga, ukafuta machozi, ukaendelea kuchimba vilevile. Hata sasa Vuai, mdogo wake Adamu, yuko huko huko anachimba.

Nusaiba aliogopa kuwa mjane. Alisema waziwazi: "Sitaki kukuzika. Kabla hujatia sahihi, twende kwa Mama Hélène."

Hélène alikuwa jirani yao wa ghorofa ya juu, Mkongomani wa Lubumbashi. Kwao alifundisha uchimbaji. Hapa Johannesburg anapima mawe katika maabara moja ya Doornfontein.

"Karibuni! Baba Sumaiya, nasikia unatuacha?"

Adamu alimweleza yote, kifua mbele. "Kisima ni kisima, mama. Sisi tumezaliwa visimani."

"Hapana, ndugu yangu. Wewe unachimba kuyatafuta maji. Hao wanayapita maji, wanakwenda chini zaidi."

"Wanayapitaje?"

"Maji ya kunywa yako juu, gesi iko chini. Shimo linapita katikati ya maji. Kwa hiyo wanaingiza bomba la chuma, na nje ya bomba wanajaza saruji. Wanangoja ikauke. Wanapima kama inavuja. Ndipo wanaendelea chini, halafu wanakata kona ndani ya mwamba. Huko wanasukuma maji na mchanga na dawa kwa nguvu, mpaka mwamba upasuke, gesi itoke. Saruji ikiwa mbovu, gesi inapanda pembeni ya bomba. Inaweza kuingia kwenye maji ya watu. Ikikuta moto, mnaungua ninyi mlio juu."

"Kwa hiyo wa upesi wote ni wabaya?" Nusaiba aliuliza.

"Sikusema hivyo, mama. Kuna upesi wa mashine nzuri na watu waliofundishwa. Uliza tu, huo upesi wanautoa wapi? Kama wanautoa kwenye kutongoja saruji, kimbia. Baba Sumaiya, uliwauliza?"

Adamu alikuna kichwa. "Walisema kungoja ni kupoteza siku."

"Na wale wanaojikokota?"

"Walisema kila bomba linapimwa. Na mfanyakazi yeyote akiona hatari, ana ruhusa ya kusimamisha kazi. Mimi nikawacheka."

Hélène alimsogelea. Kisha akauliza kwa upole: "Baba yako, Mungu amrehemu, kisima chake kilikuwa kimejengewa kuta?"

Loo! Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza katika ukoo ule. Adamu alitazama sakafu.

"Tulikuwa tunajenga mwishoni, tukishafika majini. Kujenga kwanza kunachelewesha."

"Basi ajali ile ilikuwa na kinga, ndugu yangu. Pole sana."

Adamu alilia, mwanamume mzima, mbele ya jirani. Nusaiba alimshika mkono, na yeye akalia.

Kesho yake Adamu alikwenda kwa wale waliojikokota. Kabla ya safari alipiga simu Tanga.

"Vuai, usishuke tena kabla hujajenga. Weka pete za zege. Chimba ukiwa ndani yake, nazo zishuke pamoja nawe."

"Kaka, watu watasema tumekuwa wavivu."

"Waache waseme. Mzee walimsifu, nasi tukamzika."

Huko Karoo, siku moja bomba lilipimwa, likavuja. Kazi ilisimama. Saruji ikajazwa upya, ikapimwa tena, na hakuna aliyeumia. Adamu alimsimulia mkewe kwa simu, na safari hii hakucheka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja simu ya Nusaiba ililia. Alikuwa Vuai.

"Shemeji, mwambie kaka. Leo udongo umeporomoka, na mimi nilikuwa chini kabisa. Umegonga zege, ukaishia hapo."

Nusaiba alikaa kitako sakafuni. "Uko wapi sasa, Vuai?"

"Niko juu, shemeji. Nakunywa chai."