Reli ya Bibi Cherehani

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akala haraka haraka, kisha akakimbilia karakana ya shangazi yake iliyokuwa uani. Jina la Chiriku alipewa nyumbani, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata akipiga msasa, alikuwa anapiga soga na mbao.

Shangazi alikuwa fundi seremala. Wateja wageni waliingia, wakaangaza huku na huku, wakauliza, "Samahani mama, fundi yuko wapi?" Naye hakuacha hata kusukuma randa. "Ndiye huyu unayemwamkia," alijibu.

Siku hiyo Chiriku alikuta kitu kigeni katikati ya karakana. Nguzo za mbao zilikuwa zimesimamishwa sakafuni kwa kuzunguka, kila moja ikiizidi kidogo iliyotangulia kwa urefu.

"Shangazi, tunafuga mbuzi siku hizi?"

Shangazi alicheka. "Hiyo ni kalibu, kiunzi cha kupindia mbao, mwanangu. Ngazi ya Bibi Cherehani inapanda huku inazunguka. Reli yake ya kushikilia nayo lazima ipande na izunguke vilevile."

Bibi Cherehani alikuwa mshonaji aliyeishi ghorofani, mtaa wa pili. Nusu ya watoto wa shule walivaa sare alizozishona yeye. Lakini macho yake yalikuwa yamefifia, na reli ya zamani ya ngazi yake ililiwa na mchwa hadi ikaanguka. Tangu hapo hakushuka tena. Wateja walimwita wakiwa chini, naye akawajibu kupitia dirishani.

"Sasa mbao utaikunjaje? Si itavunjika?" Chiriku aliuliza.

"Nene itavunjika. Shika hii."

Shangazi alimpa ubao mwembamba kama rula. Chiriku akaupinda, nao ukatii. Zilikuwapo nyingi za namna hiyo, ndefu, zimepasuliwa kwa msumeno na kulainishwa kwa randa. Shangazi alizipaka gundi moja baada ya nyingine, akazipanga pamoja, akaanza kuzilaza kwenye kalibu. Alizisukuma kwa bega, akazibembeleza kwa kiganja, akakaza kibano cha chuma cha kuzishikilia, akasogea, akakaza kingine. Chiriku alisahau kuongea. Mbele ya macho yake mbao zilipanda na kuzunguka kama mmea unaotambaa.

"Gundi ikikauka, zitakuwa ubao mmoja," Shangazi alisema akijifuta jasho. "Hazitakumbuka kwamba ziliwahi kunyooka. Ila usiguse kibano hata kimoja mpaka kesho. Gundi hukauka nje kwanza. Ndani bado ni mbichi."

Kisha akaenda dukani kununua skrubu.

Haukupita muda, rafiki yake Chiriku, msichana waliyemwita Twiga kwa urefu wake, akachungulia mlangoni. Chiriku akamweleza maajabu aliyoyaona. Twiga akabetua midomo.

"Mbao ikunjike kama kamba? Acha kamba zako! Ni hivyo vyuma vinaibana. Ukivitoa itarudi."

"Hairudi!"

"Toa basi tuone."

Chiriku alitazama mlango wa uani. Akalegeza vibano vya mwisho, upande wa juu. Papo hapo mbao zikaachana, zikafunguka kama mdomo wa mamba. Alivikaza tena vile vibano kwa nguvu zake zote, Twiga akimsaidia kusukuma, mpaka ule mwanya ukajifunga.

"Mwambie shangazi yako," Twiga alisema kwa sauti ndogo.

"Nimwambie nini? Si imefunga? Haionekani kitu."

Kweli haikuonekana. Kesho yake Shangazi alitoa vibano, na reli ikabaki imejipinda vilevile. Akaichonga kwa randa ndogo, akaiviringisha kwa tupa. Mara kwa mara alifumba macho na kuipitisha mikononi.

"Mwenyewe ataiona kwa vidole," alieleza. "Kwa hiyo nami naikagua kwa vidole."

Chiriku aliitikia kwa kichwa tu.

"Leo umemeza nini? Karakana imepoa kama msikiti baada ya sala."

"Kichwa kinaniuma, Shangazi."

Jioni hiyo walikwenda kufunga vyuma vya kushikilia reli kwenye ukuta wa ngazi. Bibi Cherehani akatoka chumbani kwake kwa kupapasa ukuta, akasimama juu.

"Shikamoo, Bibi," Chiriku alisalimia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni nyie mnaonitengenezea reli? Mungu awabariki. Magoti haya hayanibebi tena. Nitaiegemea kwa uzito wangu wote, na mnavyoniona, mimi si mwepesi!"

Alicheka mpaka akakohoa. Chiriku hakucheka. Alitazama zile ngazi zilivyoteremka na kupotea kwenye kona. Mahali ambapo Bibi angeanza kushika ndipo palepale alipolegeza vibano.

Walipofika barabarani, alimshika Shangazi mkono. "Jana nilifungua vibano vya juu. Nilitaka Twiga aamini. Mbao ziliachana, nikazirudisha." Machozi yalimtangulia maneno.

Shangazi aliongeza mwendo mpaka wakafika karakana. Akaiweka ile ncha ya reli juu ya meza, akaikandamiza kwa viganja vyake viwili. *Krrak!* Mbao zikaachana kwa urefu wa mkono.

Chiriku alifunika uso. Akilini alimwona Bibi akianguka.

"Umeniudhi," Shangazi alisema. "Sitakuficha. Lakini umesema kabla hajaishika, na kwa hilo nakushukuru. Sasa tuanze upya."

"Hatuwezi kukata hapa tu tukaunga?"

"Pale anapoegemea zaidi? Hapana."

Kuanzia hapo Chiriku hakuonekana uwanjani kucheza hata Jumamosi. Alipaka gundi, akaifuta iliyomwagika, akapiga msasa mpaka vidole vikawa vyekundu. Twiga naye alikuja bila kuitwa, akawa mkazaji wa vibano vya juu, maana hakuhitaji kupanda kigoda. Safari hii reli ilipotolewa kwenye kalibu, Shangazi aliilaza kati ya meza mbili, akaning'inia juu yake miguu ikiwa hewani. Haikutoa hata mlio.

Siku ya kuifunga, Bibi Cherehani aliweka mkono juu yake. Kisha vidole vikaanza kutembea, na mwili ukafuata. Alishuka kipandio kwa kipandio. Kwenye kona akasita. Reli ikamwongoza, akapita. Hakuna aliyethubutu kumshika. Alipogusa sakafu ya chini, alipumua kwa nguvu.

"Laini kama hariri," alisema, "tena haitikisiki. Nifungulieni mlango niwasalimie majirani."

Mlango ukafunguliwa, na vigelegele vikasikika kutoka upande wa pili wa barabara.

Shangazi alikuwa anakusanya patasi zake. "Umeona alivyoshika bila kuuliza?" alimwambia Chiriku. "Ametuamini. Hawezi kupasua mbao aone ndani kuna nini. Sisi tu ndio tunaojua. Kwa hiyo ukiharibu kazi, sema siku ileile, hata kama hakuna aliyekuona. Aibu utaipata, lakini hakuna atakayeumia."

"Nimeelewa, Shangazi," Chiriku alijibu, akaenda kumletea Bibi kiti akae mlangoni.