Presha ya Babu Huseni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Salima humfungulia babu yake mlango wa banda ili atoe pikipiki. Babu Huseni ana miaka sitini na minne, na hapa Kipatimu hakuna mzee mwingine anayeteremsha matenga mawili ya machungwa kwa pikipiki hadi barabara kuu. Sifa hiyo anaijua vizuri, na ukisahau kumsifu atakukumbusha mwenyewe.

Kabla ya kuondoka hubonyeza matairi kwa kidole gumba. "Upepo upo," husema, hata siku ambazo haupo.

Wiki ile Salima aliona jambo lililomnyima raha. Mara mbili Babu alishika ukuta alipoinuka, na kila jioni alilalamika kuumwa kichwa. Mteremko wa kutoka kijijini una kona kali na makorongo. Kizunguzungu kikimpata pale konani, itakuwaje? Salima aliogopa sana.

"Babu, kesho kutwa muuguzi anapima presha zahanati. Twende."

"Mimi sina presha."

"Umejuaje, Babu?"

"Ningekuwa nayo ningeijua. Mzee Leonadi alikuwa mzima kabisa. Akaenda kupimwa, akarudi nayo. Walimpa palepale."

Salima akachukua madaftari yake akaenda shule.

Kesho yake baada ya masomo alimkuta Babu kwa Mjomba Pazi, fundi wa pancha. Pazi alikuwa amenunua geji mpya ya kupimia upepo, na tangu asubuhi hakupita mtu bila kuonyeshwa.

"Baba, tairi zako zina ngapi?" Pazi aliuliza.

Babu akabonyeza la mbele, akabonyeza la nyuma. "Zote sawa. Thelathini."

Pazi akapima. La nyuma lilikuwa na thelathini na mbili. La mbele, kumi na tano.

"Geji yako mbovu," Babu akasema.

Pazi akapima tena, sindano ikasimama palepale. Kwenye kava la cheni paliandikwa kwamba tairi la mbele linataka ishirini na tano. "Kidole kinahisi ugumu wa mpira, Baba, na mpira wenyewe ni mgumu. Upepo uliobanwa ndani unausukuma pande zote. Msukumo huo ndio presha, na kidole hakiwezi kuusoma."

"Kumbe hata tairi lina presha," Babu akasema.

"Na wewe unayo, Babu," Salima akadakia. "Damu inasukuma mishipa kama upepo unavyosukuma tairi. Kila mtu anayo. Kinachopimwa ni kiasi chake."

"Nimeshasema mimi sina."

"Tairi lisilo na presha ni pancha, Babu. Na mtu asiye na presha..." Salima akaziba mdomo kwa kiganja.

"Malizia."

"Ameshasaliwa."

Spana ilimponyoka Pazi mkononi. Babu alimkazia macho mjukuu wake, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa kofia yake. "Haya, kesho nipelekeni, kabla hamjanisalia."

Kesho yake zahanati, muuguzi Getrude alimwamkia Babu, akamkalisha atulie kwanza, kisha akamfunga mkanda mkononi. Kipimo kilionyesha mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne. Alisubiri kidogo, akapima tena. Namba zilikuwa karibu zilezile.

"Mzee, ikifika mia moja arobaini kwa tisini tunasema imepanda. Yako imepanda sana."

Babu aliogopa, wala hakuficha. "Kwa hiyo ndiyo mmenipa?"

"Hatujakupa, mzee. Ulikuwa unateremka nayo mlimani kila siku. Kipimo kinakuambia kilichopo tu."

Babu alipewa dawa za kumeza kila siku, akaambiwa apunguze chumvi, na pikipiki aiache mpaka kizunguzungu kiishe. Machungwa akayapeleka Pazi, huku Babu akimfundisha njia ambayo Pazi ameipita tangu utotoni.

Baada ya mwezi mmoja presha ilishuka hadi mia moja thelathini na nne kwa themanini na mbili. Muuguzi akamruhusu kuendesha, ila dawa asiache. Asubuhi yake Babu alitoa pikipiki, akapima matairi kwa geji ya Pazi, kisha akamwita mjukuu wake.

"Sikiliza, bibie. Nilikuwa naogopa namba, kumbe namba haina kosa. Kilichotaka kuniangusha mlimani ni kujifanya najua. Ukubwani usije ukasema kitu kiko sawa kabla hujakipima."

Salima alifurahi kuliko alivyoweza kusema. Wakati huo Mzee Sixbert, jirani yao, akapita na jembe begani.

"Pole, Huseni. Nasikia una presha."

"Ninayo, alhamdulillahi. Mia moja thelathini na nne kwa themanini na mbili. Yako ngapi?"

"Mimi sina," Mzee Sixbert akajibu kwa maringo.

Babu akamkonyeza Salima. "Bibie, hebu mweleze mzee mwenzangu habari za wasio nayo."