Asisimame Hata Mmoja

— Optatus, unachagua masega au unachagua mke? Niambie nijue moja!

Nyanzala alikuwa amesimama katikati ya gereji ya fundi Leonidas, jirani na stesheni ya Mpanda, mikono kiunoni, anafoka mbele ya miguu miwili. Miguu yenyewe ilitokeza chini ya gari, Selika nyekundu ya milango miwili, na mwenye miguu hakuwa na haraka ya kutoka.

— Nachagua vyote, mpenzi. Niache nifikirie.

— Ufikirie nini tena? Baba ameshasema!

Na mzee Mwandu akishasema, amesema. Jumapili iliyopita Optatus alikwenda Kakese kujitambulisha ukweni. Siku chache kabla, masega ya gari, lile kopo la chini lenye vitundu vya kuchujia moshi, yalikuwa yameziba, Leonidas akayang'oa na kuunga bomba tupu. Basi Selika ikanguruma kutoka kwake Nsemulwa hadi Kakese, ikafika mlangoni kwa wakwe ikapiga mlipuko mmoja, paa! Ng'ombe wote wakavunja zizi. Dume kubwa likamburuta mzee katikati ya mihogo ya jirani, kang'ang'ania kamba, kofia huku, fimbo kule.

Aliporudi ana matope hadi kwenye kope, alisema hivi:

— Jumamosi ya mwisho wa mwezi mlete mshenga wenu, saa nne. Ng'ombe wangu watakuwa wamejilaza njiani. Akisimama hata mmoja kwa sababu ya hilo dude, mahari hakuna, binti hakuna, na chai hakuna.

Sasa Optatus akajitoa chini ya gari, uso umejaa masizi. Kijana wa Majimoto huyu, mnunuzi wa mpunga, na pesa zake zote za jasho alizimalizia kwa mzungu wa madini aliyekuwa anahama, akaachiwa hiyo Selika. Aliipenda mno. Nyanzala alilijua hilo, na lilimuuma.

— Leonidas, mweleze shemeji yako.

— Shemeji, iko hivi, alisema Leonidas akifuta mikono. Kuna masega ya kawaida, vitundu vidogo. Gari inakuwa kimya, lakini inakabwa koo. Kilima kidogo tu, mnashuka mnasukuma. Halafu kuna bomba tupu kama sasa. Nguvu zote.

— Na kelele zote, akadakia Nyanzala.

— Na kelele zote. Halafu kuna ya vitundu vikubwa. Moshi unapita bila foleni, nguvu inabaki, mlio unatulia. Ila hayo yako Dar.

Wakaenda posta kupiga simu. Laini ilikuwa inakoroma, Optatus ikabidi apige kelele hadi foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza.

— Haloo! Masega! MA-SE-GA! Ya vitundu vikubwa!

— Sikia kaka, muuzaji alijibu kwa sauti ya mbali. Petroli yenu huko ina madini ya risasi. Itayaua hayo masega. Yakidumu miezi michache una bahati.

— Kaka, mimi nahitaji Jumamosi moja tu!

— Mpe masega yake, mtoto wa watu anataka kuoa! akapaza mama mmoja kwenye foleni, watu wakacheka.

Nyanzala hakucheka. Walipotoka nje alimshika mkono.

— Kwa nini usichukue ya kimya kabisa, tukawa na uhakika?

— Kwa sababu nataka nije kukuchukua na gari, siyo kuja kukusukumisha gari.

— Opta, wakisimama hao ng'ombe, nitajua ulinipima na injini, nikashindwa mimi.

Hata hivyo Optatus aliagiza yale ya vitundu vikubwa.

Masega yaliletwa na treni, yakafungwa Ijumaa. Jumamosi Nyanzala aliamka asubuhi na mapema, akavaa kitenge kipya. Wali ukapikwa, kuku akakaangwa, viti vikapangwa uani. Saa nne ikafika. Kimya.

Tangu liungwe bomba tupu, ngurumo ya gari lile ilimpa nafasi ya kunawa uso, kubadili kanga, na kukaa kama mtu asiyesubiri chochote. Leo masikio yalimuuma kwa kusikiliza. Aliutaka mwenyewe huo ukimya, na sasa ulikuwa unamtesa. Saa tano. Saa sita. Chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

— Labda bado anaosha gari, alisema shangazi Theopista, mdomo kaubinua.

— Labda kakumbuka sura yangu, mzee Mwandu akasema.

Ilipogonga saa saba Nyanzala akalia. Alimpenda Optatus, masizi yake, maneno yake na ubishi wake, na alikuwa na hakika amekimbiwa.

— Baba, ng'ombe wako wamenikosesha mume! Haya, kaolewe nao!

— Mayo wane, mama yangu! shangazi akashika kifua.

Nyanzala alivua viatu, akaviweka mkononi, akashika njia ya Mpanda. Alikusudia kumfuata Optatus hadi gereji amwambie maneno yote aliyoyapanga tangu asubuhi. Nyuma yake mzee Mwandu akainuka na fimbo yake, akamfuata.

Nyanzala hakwenda mbali. Alipozunguka kichuguu kikubwa, akasimama ghafla.

Ng'ombe walikuwa wamerudi kutoka kunywa maji, wakajilaza njiani wote, wanacheua kwa raha zao. Na katikati yao, kama mmoja wao, ilikaa Selika nyekundu. Ndani yake Optatus, suti na tai, jasho linamtiririka. Kidole kaweka mdomoni.

— Shiii! Usiwashtue!

— Opta! Uko hapa tangu saa ngapi?

— Tangu saa nne kasoro, alinong'ona kupitia upenyo wa kioo. Hajasimama hata mmoja. Mpenzi, hata mmoja!

— Kwa nini hukupiga honi?

— Si wangesimama?

— Ungeshuka basi!

— Mlango huu kaegemea dume. Ule kaegemea yule mwenye pembe moja.

Kutoka kiti cha nyuma ikasikika sauti ya mshenga, Simeon, baba mdogo wa Optatus, aliyekunjwa humo na koti lake la kanisani.

— Binti yangu, mimi nimebanwa haja ndogo tangu saa tano.

Nyanzala alitaka kucheka, akalia tena, akavifanya vyote kwa pamoja.

— Nilidhani umenikimbia.

— Nikimbilie wapi, nimezungukwa?

— Opta!

— Hata wasingekuwepo, nisingekimbia. Nakupenda. Kwa ajili yako nitakaa na ng'ombe hadi kesho.

Mzee Mwandu akafika. Alilizunguka gari taratibu, akalitazama dume lile lile lililomburuta, likiwa limelala ubavu kwenye mlango.

— Washa, alisema.

Optatus akawasha. Injini ikaguna kwa chini, kama mtu anayesafisha koo. Nyanzala alifumba macho. Dume likatikisa sikio, likatazama, likaendelea kucheua.

Na hapo ndipo baba mdogo Simeon, maskini, alipopiga chafya.

Dume likasimama.

Optatus aliinamisha paji la uso kwenye usukani. Nyanzala alimtazama baba yake, roho mkononi.

Mzee Mwandu alikuna kidevu.

— Huyo kasimamishwa na mshenga, alisema. Gari haimo. Mtu aliyekaa na ng'ombe wangu muda wa saa tatu bila kuwaudhi, mimi nimtafute wa nini mwingine? Theopista! akapaza sauti kuelekea nyumbani. Pasha chai!

Mlango ukafunguka, na wa kwanza kutoka alikuwa mshenga, mbio kuelekea kichakani.

Harusi ilikuwa baada ya mavuno. Asubuhi hiyo Nyanzala alikuwa chumbani Kakese, shangazi anambana shela, mara kutoka mbali kabisa, upande wa Nsemulwa, ikasikika ngurumo. Muuzaji wa Dar hakudanganya, masega yalikuwa yameshakufa na bomba tupu limerudi. Ngurumo ikaja, ikakua, ikafika mlangoni. Paa!

Zizi likavunjika. Dirishani likapita dume, nyuma yake kamba, nyuma ya kamba mzee Mwandu katika suti yake mpya, anaburutwa kuelekea mihogo ya jirani.

— Nyanzala! alipaza sauti akipita. Mumeo kafika!

Nyanzala alinawa uso, akanyoosha shela, akakaa kitandani kama mtu asiyesubiri chochote.