Vidonge Vyeupe vya Martine

Daktari Hilaire alikivunja kidonge kwa ukucha, akakionja kwa ncha ya ulimi, kisha akatema kwenye kitambaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa tatu 1986, nyumbani kwa Suzanne, mtaa wa Saio mjini Bunia.

"Hii ni aspirini," alimwambia Inspekta Katsuva. "Mutu alitoa dawa ya mutoto, akatia hii."

Martine, binti wa Suzanne, miaka tisa, alilala kitandani akihema, miguu imemvimba. Mwaka uliopita alipandikizwa figo huko Ubelgiji. Aliyeitoa ni Godelive, mdogo wake Suzanne, kwa kuwa damu ya Suzanne mwenyewe haikupatana na ya binti yake. Ili mwili usiikatae figo ile, kila siku Martine alipaswa kumeza kidonge cheupe na kidonge cha manjano. Sasa figo ilikuwa inakufa, na Bunia nzima haikuwa na mashine ya kusafisha damu.

"Cheupe kilikuwa chungu," Martine alisema alipoulizwa. "Sasa kiko kikali tu, kama ndimu."

"Tangu wakati gani, mama?" Katsuva alimuuliza mtoto kwa upole.

"Mbele ya Noeli."

Suzanne alijifunika uso. Dawa ile nyeupe ilimtia binti njaa isiyokwisha na kumvimbisha mashavu hata wenzake shuleni wakamcheka. Baada ya Noeli mashavu yalipungua. "Tulifurahi," alisema. "Tulisema uso yake imerudi. Tukamushukuru Mungu."

Katsuva, mtu wa Butembo asiyependa maneno mengi, alitazama kabati la dawa. Kufuli ilikuwa nzima, na ufunguo ulining'inia msumarini, mahali kila mtu wa nyumba alipajua. Bibi wa mtoto, mama muzee Berthe, alishika rozari. Godelive alikaa mkekani, mkono kwenye ubavu wenye kovu. Kando yake mwanawe Honoré, wa miaka minne, alikuwa anamaliza ndizi ya tatu, mashavu mviringo juu ya vijiguu vyembamba.

Majirani walikwisha kumhukumu Félicien, mwenye duka la dawa mtaa wa Lumumba, kwa sababu vifurushi vya dawa kutoka Ubelgiji vilipitia kwake. Mtaa haukosi hakimu. Katsuva alimkuta dukani, jasho likimtoka.

"Chef, kama niko mwizi, ningechukua ya manjano," alisema Félicien. "Ile ndiyo ya bei. Nyeupe nitamuuzia nani?"

Daktari alizipima za manjano. Zilikuwa zenyewe, na hazikupungua.

Asubuhi, kabla Katsuva hajatoka nyumbani, mama muzee Berthe naye hakuficha kitu. "Mi nilichukia hizi dawa. Zilimuharibu mutoto uso. Lakini kama ningetupa, ningezitupa zote mbili mu choo."

Katsuva alirudi Saio kwa miguu, akiwaza. Mwizi wa pesa angechukua ya manjano. Mwenye chuki angetupa zote. Aliyechukua nyeupe tu aliitaka kwa kazi inayoifanya mwilini, na kazi hiyo ilikuwa njaa na mashavu. Na mashavu kama hayo alikwisha kuyaona asubuhi ileile. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Saa tisa alasiri aliwakusanya wote.

"Mama Godelive, Honoré anakunywa dawa gani?"

Godelive hakubisha. Alifungua pindo la kitenge, akatoa vidonge vyeupe vichache, akaviweka mkekani.

"Nilizika watoto wangu wawili, wote walikonda mpaka kufa," alisema. "Nilienda Ulaya kumutolea mutoto ya dada yangu figo. Kurudi, nakuta huyu wangu amebakia mifupa. Halafu naona Martine anameza hii, ananona. Nikasema yeye amekwisha kupona, ya manjano itamutosha. Na aspirini haiui mutu."

"Ungeniomba," Suzanne alisema.

"Ningekuomba, ungenipa?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na chumbani mle walikuwa wazazi wawili.

"Ule si unono, mama," alisema daktari. "Ni dawa inavimbisha. Honoré hakupata nguvu hata kidogo. Na yeye tutamuachisha polepole, ikikatwa mara moja itamuua."

"Na figo ya Martine?" Godelive aliuliza.

"Imebakia kidogo sana."

Godelive alilia, na Katsuva, aliyekuja na pingu mfukoni, aliziacha palepale. Kazi yake ilikwisha na haikumsaidia mtu. Aliona huruma mpaka akaona haya.

Kisha Godelive alisimama. Alimgeukia daktari, akahamisha mkono kutoka kwenye kovu, akauweka ubavu wa pili.

"Munganga, ingine iko huku. Mutoe hii, mumupe."

"Hiyo ndiyo yako ya mwisho, mama," alisema daktari. Mkekani Honoré aliomba ndizi nyingine, na Suzanne ndiye aliyemmenyea.