Glasi ya Kumi

Betri ya kipaza sauti cha Taisiya ilikata roho saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, chini ya mnara wa zimamoto wa mji wa Kostroma, Urusi, katikati ya sentensi. Kuanzia hapo hakuna aliyemsikiliza tena.

Si kwamba kabla ya hapo walikuwa wakimsikiliza. Tangu asubuhi alikuwa akiwazungusha mjini wastaafu tisa kutoka mji wa Perm, walioshuka kwenye meli ya kitalii, na kila jambo alilisema mara tatu. Mnara ulijengwa lini. Choo kiko wapi. Meli inang'oa nanga saa mbili kamili, si saa mbili na nusu.

"Binti, mnara huu ni wa nini?" aliuliza Bi Aglaya, mwalimu mstaafu wa hesabu.

"Wa zimamoto, Bi Aglaya. Nimetoka kusema sasa hivi."

"Ulikuwa unaiambia kola ya koti lako. Sawa. Nitaandika."

Kuandika. Neno hilo ndilo lililokuwa likimnyima Taisiya usingizi. Kila jioni wageni walijaza karatasi za maoni, na msimu ule tayari alikuwa na malalamiko mawili. Kampuni ilimwambia waziwazi: la tatu, usirudi. Miaka mitano ya chuo kikuu, shahada ya historia, kila tarehe ameihakiki kwenye nyaraka... na maisha yake yananing'inia kwenye kalamu ya Bi Aglaya.

"Tule kwanza, ndipo aandike," alisema Mzee Pankrat, nahodha mstaafu mwenye tumbo la kutangulia. "Mwenye njaa huandika vibaya."

Wakateremka kuelekea mto Volga, kwenye mgahawa ambao Taisiya aliupigia simu mara mbili kuhakikisha. Taa zilikuwa zimezimwa. Mlangoni palibandikwa karatasi: bomba limepasuka, tunaomba radhi. Alipiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Alijaribu wa pili: umejaa. Wa tatu: harusi. Giza la mwisho wa Septemba lilikuwa linashuka juu ya mto, na ukungu ulianza kupanda kwenye ngazi za gati.

"Huko Perm," Bi Aglaya aliuambia ukungu, "watu hupanga mambo."

Ndipo mlango mmoja ulipofunguka chini ya jengo la zamani la mfanyabiashara wa nafaka. Mlango mfupi, wa kuinamia. Mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani alichungulia.

"Kumi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kumi," Taisiya alijibu.

"Ingieni. Tumewangoja sana."

Hakuuliza ni nani aliyewangoja. Alikuwa amechoka, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Ndani palinukia siagi na ubani. Chini ya harufu hizo, kwa mbali, palinukia maji ya mto yaliyotuama. Meza moja ndefu ilikuwa imeandaliwa: chapati za maji, ngano iliyochemshwa kwa asali na zabibu kavu, uji mzito wa matunda. Vijiko tu. Hakuna uma hata mmoja. Kioo kikubwa ukutani kilifunikwa shuka jeupe, na kwenye kiti cha mwisho, mbele ya sahani tupu, palikuwa na glasi ya vodka iliyofunikwa kwa kipande cha mkate mweusi.

Mtoto yeyote wa Urusi angeijua meza ile. Ni meza ya arobaini ya marehemu. Kioo hufunikwa ili roho isipotee humo. Uma hauwekwi. Glasi yenye mkate ni ya marehemu mwenyewe, na haiguswi.

Taisiya alijua kuliko wote. Alikuwa akiwaeleza wageni hayo kila wiki. Ndiyo maana alikasirika.

"Mapambo," alisema chini chini. Kiangazi kizima migahawa ya mjini ilikuwa ikishindana kwa ukale wa kuigiza: mmoja ulifunga dubu aliyekaushwa mlangoni, mwingine ulivalisha wahudumu sare za wafungwa. Sasa huyu ameleta matanga.

"Naomba uma kumi," alimwambia mwanamke.

"Hatutoi."

"Hawa ni wazee. Chapati watazilaje?"

"Kwa mkono, binti. Kama ilivyo desturi."

Wageni tisa walikuwa wamekwisha kukaa. Hata Bi Aglaya alikuwa ameketi, mikono mapajani. Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Kile chenye glasi.

"Niongezee kiti."

"Ulisema kumi. Viti ni kumi."

Basi. Taisiya alivuta kiti akaketi. Akauondoa mkate juu ya glasi, na kwa kuwa njaa ilikuwa inamuuma, akauma kipande. Ulikuwa mchachu, baridi, na una chumvi nyingi.

Meza nzima ikanyamaza.

Hata vijiko havikusikika.

Kisha Mzee Pankrat akasimama, glasi mkononi. Wote wakasimama. Taisiya alingoja mzaha. Alingoja pia mlio wa glasi kugongana, kwa maana nahodha yule mchana aligonganisha hata chupa za maji.

Hawakugonganisha, kama ilivyo desturi ya matanga.

"Hatukumjua sana," alisema Mzee Pankrat taratibu. "Siku moja tu. Lakini alikuwa msichana mwangalifu. Alijua kila tarehe. Na sisi... hatukumsikiliza."

"Mzee Pankrat," Taisiya alisema, "kuna marehemu gani hapa?"

Wakanywa.

"Alikuwa na sauti nzuri," alisema Bi Aglaya akifuta macho. "Nilimchokoza bure. Nilidhani kesho ipo."

"Bi Aglaya. Mimi huyu hapa."

Alimgusa mkono. Bi Aglaya akavuta shali yake mabegani, akageuka kutazama mlango kama aliyepigwa na upepo.

Taisiya alisema kwa nguvu. Hakuna kichwa kilichogeuka. Akapiga meza kwa kiganja... uji haukutikisika.

Aliinuka, akakimbilia kioo, akavuta shuka.

Meza ilikuwamo. Wageni tisa walikuwamo, wakila kwa vijiko. Kwenye kiti cha mwisho palikuwa na sahani tupu na glasi. Mbele ya kioo, pale aliposimama yeye, hapakuwa na mtu.

"Funika hicho," ilinong'ona sauti nyuma yake. "Utapotelea humo."

Mwanamke wa kitambaa cheusi. Yeye peke yake alikuwa akimtazama.

"Mmenifanya nini?"

"Hatukukufanya kitu. Kiti kilikuwa na mwenyewe. Umekaa wewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Kila jioni huandaliwa. Hakuna aliyewahi kuja." Mwanamke alitazama sakafu. "Watu wake hawakuja kumkumbuka. Sasa amepata watu, nawe umekalia kiti chake; amekwenda zake."

"Sikujua."

"Ulijua."

Taisiya alilirudisha shuka juu ya kioo. Akili yake, ile akili ya kuhakiki kila kitu mara mbili, ilikuwa inafanya kazi. Alichokiondoa akirudishe. Mahali pake. Kama kilivyokuwa.

Mkate ulikuwa bado mezani. Ulibaki robo tatu.

"Nipe kipande kizima," alisihi.

"Kwa glasi moja, kipande kimoja."

Aliuweka juu ya glasi. Akausogeza kushoto. Akausogeza kulia. Kila alivyoutega, upande mmoja pale alipouma ulibaki wazi, mwembamba kama ukucha.

"Unatosha?" alinong'ona.

Mwanamke aliinama, akautazama ule upenyo.

Ghafla vijiko vikalia kwenye sahani.

"Binti, umesimama hapo kama nguzo," alisema Mzee Pankrat akipangusa mdomo. "Meli haitatusubiri. Chapati zao nzuri, lakini vodka ya maji."

Taisiya akacheka, akafuta machozi, akawatoa nje mmoja mmoja huku akiwahesabu. Tisa. Kando ya mlango, taa ya barabarani ilikuwa inamulika kibao ambacho hakukiona wakati wa kuingia: *Ukumbi wa Matanga. Kwa Kuagiza Tu.* Ah. Basi ni hayo tu. Watu waliagiza, hawakutokea, mwanamke akachanganya makundi. Mengine ni njaa. Ni uchovu. Alijirudia maneno hayo hadi gatini.

Saa mbili kasoro kumi wageni walipanda melini. Kila mmoja aliacha karatasi yake ya maoni kwenye benchi alipokaa Taisiya. Hakuna aliyemuaga. Hilo lilimuuma kidogo, lakini hakushangaa.

Meli ilipoondoka, alizisoma chini ya taa.

Alama tano kati ya tano. Tano. Tano. Moyo ukaanza kutulia. Kisha akasoma maneno.

*Alikuwa mwema. Udongo umlalie laini.*

*Mdogo hivyo, masikini.*

*Tutamkumbuka.* Hiyo ilikuwa ya Mzee Pankrat.

Karatasi nane, maneno ya namna ileile. Ya tisa ilikuwa ya Bi Aglaya, kwa mwandiko ulionyooka kama wa ubaoni. Tano kati ya tano. Na chini, penye nafasi ya malalamiko, sentensi moja:

*Glasi yake haikufunikwa vizuri.*

Lalamiko la tatu.

Mlinzi wa gati alikuja akichezesha funguo. Akaziona karatasi mapajani mwa Taisiya kana kwamba zilikuwa kwenye benchi tupu, akazichukua bila kuomba, akazikunja.

"Samahani, kaka," Taisiya alisema. "Hizo ni zangu."

Mlinzi alisimama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyesikia sauti kutoka ng'ambo ya mto.

"Nani?" aliuliza, akitazama pembeni kidogo, si mahali alipoketi Taisiya.